Mkalimani Aliponyamaza

Shomari alikuwa amekaa safu ya pili, mguu mmoja juu ya mwingine, koti la kijivu limemkaa kama lililoshonewa mwilini mwake. Kila Anande alipoinua macho aliyakuta macho ya kijana huyo yanamsubiri. Hakutabasamu. Walikuwa wamekubaliana wasitabasamiane, kwa sababu Mzee Ephraimu, baba yake Anande, alikuwa dawati la mbele kabisa na kofia yake gotini, na mzee wa kanisa yule hakuwa mtu wa kupitwa na tabasamu.

"Mwalimu Anande, tuko tayari?" Profesa Whitcombe aliuliza kwa Kiingereza.

"Tuko tayari, madam."

Ulikuwa mwaka wa 1957, mwezi wa Julai, wakati ambapo ukungu wa Mlima Meru hushuka mpaka kwenye migomba na kukaa humo mpaka adhuhuri. Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakikaribia videvu, wanawake upande wa madirisha, wanaume upande wa ubao. Walikuwa wamekuja kusikia kitu gani kimeonekana ndani ya vichwa vya watoto wao.

Wageni walikuwa wawili. Profesa Whitcombe, mama wa makamo mwenye nywele fupi na sauti ya upole, alitoka chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Dakta Mahendra alitoka Baroda, India, mtu mwembamba asiyependa kusema sana. Wote wawili walikuwa wamealikwa na idara ya saikolojia ya chuo cha Kampala, na idara hiyo ikawapa Shomari, kijana wa Arusha mjini aliyesomea kwao, ili wafanye utafiti mmoja kwa pamoja: jinsi watoto wa mlimani wanavyofikiri, wanavyokumbuka na wanavyoogopa. Watoto wenyewe hawakuhitaji maneno mengi hayo. Waliwaita "watu wa mbao", kwa sababu ya vipande vya mbao vya rangi walivyopewa kuvipanga.

Wageni hawakujua Kimeru, na Shomari naye, mtoto wa Kiislamu wa mjini, hakujua Kimeru zaidi ya salamu. Ndipo Anande, mwalimu wa darasa la tatu, alipochaguliwa kuwa mkalimani. Tangu Januari alikuwa mdomo wao na masikio yao. Alipita nao nyumba hadi nyumba, chini ya migomba, kando ya mifereji, na Shomari daima alikuwa nyuma yake amebeba sanduku la mbao. Siku moja Anande aligeuka kumwonya kuhusu utelezi, akakuta anamtazama kwa namna ambayo haikuhusu utafiti wowote. Akasahau alichotaka kumwonya. Shomari akateleza, akaanguka na sanduku lake, na wote wawili wakacheka mpaka wakaishiwa nguvu. Toka hapo hawakuweza tena kujidanganya.

Nyumbani kwao habari zilipofika, Mzee Ephraimu alisema maneno machache tu. "Ni kijana mwenye adabu, nami sina ugomvi na adabu yake. Lakini mwanangu hafungi ndoa kwa kadhi." Huko mjini nako, Bi Zamda, mama yake Shomari, alilia kwa sauti majirani wakasikia. "Wasichana wote wa Kaloleni umewaona hawafai, mpaka upande mlimani?" Hata hivyo wajomba za Shomari walikuwa wamekubali, shingo upande, kuja Jumatano kubisha hodi kwa Mzee Ephraimu. Wawili hao waliishi kwa tumaini la Jumatano hiyo.

Profesa alizungumza kwanza juu ya kumbukumbu za watoto, na Anande akafasiri kwa Kimeru bila taabu. Wazazi wakacheka palipochekesha. Kisha Profesa akaweka mikono yake mezani.

"Sasa niseme juu ya huzuni," alisema. "Wako watoto ambao wakipatwa na msiba hawalii. Hufunga mdomo. Nitawapa mfano wa msichana wa milima hii hii. Jina lake silitaji, na kwa kweli silijui."

Anande akafasiri.

"Alikuwa na miaka tisa. Wakati wa masika alikwenda mtoni na mdogo wake wa kiume."

Anande akafungua kinywa, na ulimi wake ukawa mzito. Lakini kazi ya miezi ilikuwa imemzoeza. Maneno yalitoka yenyewe kabla moyo haujayafikia. Alikwenda mtoni na mdogo wake wa kiume.

"Maji yalishuka ghafla kutoka juu. Mvulana akachukuliwa. Msichana alirudi nyumbani peke yake, na tangu siku hiyo hakusema hata neno moja karibu mwaka mzima."

Alipolifasiri hilo, upande wa madirisha ulitikisika. Wanawake wawili waligeuka kumtazama mama yake Anande, kisha wakayaondoa macho upesi. Mkono wa Mzee Ephraimu, uliokuwa ukiizungusha kofia taratibu, ukasimama.

Anande alimtafuta Shomari. Mguu ulikuwa umeshuka. Uso wake ulikuwa umekwisha damu, midomo imeachana kidogo kama ya mtu anayetaka kuita. Macho yao yalikutana, na katika mkutano huo Anande alijua kila kitu. Aliyemweleza Profesa alikuwa yeye. Na kilichobaki kusemwa, hapakuwa na mwingine duniani aliyekijua.

Shomari akainamisha kichwa, akatazama sakafu.

"Familia yake iliona ni majonzi tu," Profesa aliendelea, bila kumwona mkalimani wake. "Lakini miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, alimfungulia moyo mtu anayemwamini..."

Dakta Mahendra alisimama. "Profesa, samahani," alisema. "Nadhani mkalimani wetu amechoka. Tupumzike."

"Dakika moja, Dakta, namalizia." Na Profesa akamalizia. Ilikuwa sentensi fupi. Hata mwanafunzi wa darasa la tatu angeweza kuifasiri.

Anande alinyamaza.

Wazazi walisubiri. Kutoka nyuma, Mzee Kasaine, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito, aliuliza, "Amesema nini, mwalimu?"

Angeweza kudanganya. Katika ukumbi ule hakuna mzazi aliyejua Kiingereza cha kumkamata. Angesema msichana alipona, akaolewa, akapata watoto wazuri, na watu wangepiga makofi. Aliliandaa hilo neno kinywani. Kisha akamwona mama yake. Mama hakuwa akimtazama kama watu wanavyomtazama mkalimani. Alikuwa ameegemea mbele, mikono imeshika ukingo wa dawati, kama mtu aliyesikia hatua za mgeni aliyengojewa siku nyingi.

"Amesema," Anande alianza, na sauti yake ikakatika. Akaanza upya. "Amesema kwamba mkono haukuteleza. Niliuachia mimi. Niliogopa maji, nikamwachia Eliasi mkono."

Mzee Ephraimu aliinuka polepole, akavaa kofia yake humo humo ndani, yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona amefunika kichwa chini ya paa la shule wala la kanisa. Akatoka. Mama akamfuata. Profesa aligeuka kwa Dakta Mahendra akiuliza kwa wasiwasi, "Nini? Amewaambia nini?" na Anande akapita katikati yao, akashuka ngazi za nyuma.

"Anande! Anande, nisubiri!"

Shomari alimkuta kwenye tangi la maji nyuma ya jengo. Alikuwa amesimama wima, viganja vyake vimebanwa kwenye bati la baridi.

"Usiniguse."

"Sikugusi. Nisikilize tu."

"Nimekusikiliza tangu Januari. Leo nisikilize wewe. Yale maneno nilikuambia wapi?"

"Anande..."

"Nijibu. Wapi?"

"Juu kule. Msitu unapoanzia."

"Nilikuambia kama nani? Kama mtafiti?"

"Hapana."

"Kama nani, Shomari?"

"Kama mtu unayempenda."

"Ukaondoka na maneno yangu ukampelekea Profesa."

"Haikuwa hivyo!" Alisogea hatua moja, akajizuia. "Tulipokwenda Kampala mwezi uliopita, walikuwa wanabishana idarani juu ya watoto wanaonyamaza. Profesa akasema huenda watoto wa huku wananyamaza kwa kuwa hawaelewi wanachoulizwa. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, mimi namjua mmoja aliyenyamaza kwa sababu alielewa kupita watu wazima wote waliomzunguka. Akaniuliza alielewa nini. Nikasema. Nilikuwa nakutetea, Anande. Wallahi nilikuwa nakutetea."

"Nilikuomba unitetee?"

"Sikutaja jina."

"Jina la nini? Mlima huu wote una msichana mmoja aliyekaa bubu kutoka masika mpaka masika. Hujawaona wanawake walivyomgeukia mama?"

Shomari aligeuza shingo kuelekea ukumbini. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na nyuma yake migomba ilidondosha maji tone kwa tone.

"Nilimwomba asiitumie," alisema mwisho.

"Lini?"

"Baadaye."

"Baadaye." Anande alicheka kicheko kikavu. "Na leo ulipomsikia ameanza? Yule Mhindi, mgeni, asiyejua hata mama yangu ni yupi, alisimama. Wewe ulikaa. Nilikutazama, ukatazama sakafu."

"Niliganda. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Naapa, niliganda."

"Mimi pia niliganda, Shomari. Lakini nilikuwa na miaka tisa."

Neno hilo lilimpiga hata akarudi nyuma. Macho yake yalijaa. Anande aliyaona machozi hayo, na jambo lililomuumiza kuliko yote ni kwamba bado alitaka kuyafuta. Mkono wake wenyewe ulitaka kuinuka. Mwili wake ulitaka kuegemea lile koti la kijivu na kulia humo mpaka jioni, kwa mtu yule yule aliyemuumiza, kwa kuwa hakuwa na mwingine aliyezoea kulia mbele yake. Aliubana mkono kifuani.

"Sitakwenda Uingereza," Shomari alisema ghafla. Alikuwa amepata nafasi ya mwaka mmoja katika idara ya Profesa, kubadilishana kati ya vyuo viwili, na walikuwa waondoke kesho yake kwa gari mpaka Nairobi. Alikuwa arudi mwakani kama msaidizi kamili wa utafiti. Ndiyo maana wajomba walikuwa waje haraka bila yeye. "Namwambia sasa hivi. Nafasi ampe mwingine. Nitabaki hapa mpaka unisamehe."

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu utanitwisha. Nimebeba mmoja tangu utoto, sasa nikubebe na wewe? Tuzeeke, siku moja tukigombana uniambie nilikunyima Ulaya? Nenda. Kama ulikuwa uende, nenda."

"Na wajomba zangu Jumatano?"

"Waje kufanya nini?" Sauti yake ilipanda. "Kumposa mfano wa Profesa? Waambie wasije."

"Jumatano hii, au siku zote?"

Anande alimtazama. Swali lile alilisikia vizuri, na akalionea uchungu, lakini hakuwa na jibu la kweli, na siku hiyo alikuwa amechoka na maneno yasiyo ya kweli. Akageuka, akaingia kwenye njia ya shamba la kahawa. Hakumsikia akimfuata. Alitamani amfuate, na angemfuata angemfukuza.

Nyumbani Mzee Ephraimu alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, kofia ingali kichwani. Moshi wa jikoni ulikuwa ukitoka kwenye paa la nyumba ndogo.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Tangu Anande azaliwe hakuwahi kuisalimia midomo ile ikakosa kumjibu.

"Kaa," baba alisema.

Akakaa chini, miguu ameikunja upande mmoja kama mtoto.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Uliuachia."

"Niliuachia."

Mzee Ephraimu alitazama kahawa yake, safu kwa safu, mpaka mwisho wa shamba. Anande alisubiri bakora, au laana, au amri ya kufungasha vitu vyake. Alikuwa ameisubiri siku hii katika ndoto nyingi, na katika kila ndoto baba alipiga kelele.

Lakini Mzee Ephraimu hakupiga kelele. "Ukamwambia yeye," alisema kwa sauti ndogo.

"Baba?"

"Umekulia jikoni kwangu. Umekula nasi, umesali nasi, umenishika mkono nilipougua. Kisha akaja kijana wa mjini na koti lake, ukampa yeye. Mimi nimepata salio, mbele ya watu, kwa kinywa cha Mzungu."

"Nilikuwa naogopa utanichukia."

"Ungeniacha nikuchukie!" Hapo sauti yake ilipasuka. "Ningekuchukia juma, ningekuchukia mwezi, nikachoka, nikaacha. Ningekuwa nimeacha zamani, Anande! Sasa nianze leo, na uzee huu?"

Anande alifunika uso. Kilio alichokizuia ukumbini na kwenye tangi la maji kilimshinda, kikamtikisa mabega. Mlango wa jikoni ukalia. Mama yake alitoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Mwache kidogo, Baba Anande," alisema. "Na mimi nina langu la kuuliza."

Aliketi chini, udongoni, karibu kabisa na binti yake, magoti yakagusana.

"Alisema nini?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Neno lake la mwisho lilikuwa nini? Sikukuuliza wakati ule kwa kuwa ulikuwa husemi. Na uliporudi kusema, niliogopa nikikuuliza utanyamaza tena. Nikasema bora nimkose mmoja. Lakini hakuna usiku nilioacha kujiuliza. Aliniita?"

Anande aliinua kichwa. Katika miaka yote aliyobeba siku ile, alikuwa amebeba mkono tu, ule mkono mdogo na maji. Hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na kitu kingine ndani ya siku ile ambacho mtu mwingine alikuwa akikihitaji.

"Hakukuita, mama. Hakuwahi kuogopa. Alikuwa ananisimulia habari za chura."

"Chura?"

"Alimwona chura mwenye madoa ng'ambo ya pili. Akasema ni mkubwa kama kikombe cha baba. Alitaka tuvuke tukamchukue akuletee umwone. Alikuwa bado anasema habari za chura huyo maji yalipokuja."

Kifua cha mama kikaanza kutikisika, na Anande akadhani analia, kumbe anacheka, na machozi yanamtiririka hapo hapo.

"Chura! Yule mtoto! Unakumbuka, Baba Anande, alivyoleta mjusi kanisani ndani ya kaptura?"

"Nakumbuka," Mzee Ephraimu alisema. Alikuwa amevua kofia. "Mchungaji alikuwa katikati ya sala."

"Akamwachia chini ya benchi la wazee."

"Likawa benchi tupu."

Wakaendelea hivyo. Jina la Eliasi, ambalo halikutamkwa katika nyumba ile isipokuwa kwenye sala, lilizunguka ua mzima kama mtoto anayecheza. Ndizi ziliungulia jikoni na hakuna aliyeinuka. Baba hakusema amesamehe. Hata hivyo jua lilipokuwa linazama na Anande akainuka kwenda kukamua ng'ombe, alimsikia nyuma yake akisema, kama aliyekumbuka kitu alichokisahau njiani:

"Marahaba."

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, mama alisema anataka kuonyeshwa mahali penyewe. Hakuwahi kupaona. Watu wa mazishi walikuwa wamemwonyesha mahali mtoto alipopatikana, chini kabisa, lakini hakuna aliyejua alipoanzia. Basi wakashuka watatu, na nguo zao za kanisani, kuelekea mto Malala, Anande akiongoza.

Njia ilikata barabara kabla ya kufika mtoni. Hapo walilikuta Landrova la wageni limesimama pembeni, masanduku yamefungwa juu. Profesa Whitcombe alikuwa ndani, ameshika leso. Dakta Mahendra alikuwa usukani. Shomari alikuwa amesimama nje barabarani, na alipowaona aliwafuata mbio mbio, kisha akapunguza mwendo, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mzee Ephraimu alijibu. Mama naye akaitikia.

"Tulikuwa tunapanda nyumbani kwenu. Nimekuja kuomba radhi." Macho safari hii hakuyashusha. "Jana nilikaa mahali nilipopaswa kusimama. Na kabla ya hapo nilisema nililopaswa kulitunza. Profesa ameiondoa habari ile. Dakta Mahendra ni shahidi yangu, haitasomwa wala kuchapwa popote. Profesa naye anaomba aje kuwapa pole, kama mtamruhusu."

"Leo hapana," alisema Mzee Ephraimu. "Leo tuna safari."

"Naam, mzee."

"Na lile neno lingine la wajomba zako?"

"Nimewaambia wasije. Sikuja na neno lingine lolote leo."

"Usije nalo sasa."

"Siji nalo, mzee."

Mzee Ephraimu alimpima kutoka viatu mpaka kichwa. "Unaondoka?"

"Naondoka. Nilitaka kubaki. Anande alinikataza."

Baba aligeuka akamtazama binti yake, kama anayeona jambo ambalo hakuwa amelitarajia kwake. Halafu akaitikia kwa kichwa, akamshika mkewe kiwiko, wakavuka barabara. Anande akawafuata. Alipita karibu na Shomari kiasi cha kusikia pumzi yake, akapita bila neno. Alijua kwamba akifungua mdomo atasema ama kubwa mno ama dogo mno. Miguu yake ilikwenda. Kifua kilibaki nyuma, barabarani.

Walikuwa wamekwishaingia kwenye majani ya ng'ambo Mzee Ephraimu aliposema, bila kugeuka:

"Anande."

"Abee, baba."

"Rudi ukaagane na mtu. Hatuagi watu hivyo kwetu. Tutakungoja."

Alisimama. Mama yake alikuwa akitazama mbele, lakini mkono wake ulimsukuma mgongoni kidogo, kidogo sana. Anande akageuka, akarudi barabarani, kwanza kwa kutembea.

Shomari alikuwa palepale, kofia mkononi.

"Sijakusamehe," alisema Anande alipomfikia.

"Najua."

"Sijui nitakusamehe lini. Sitaki uhesabu siku."

"Sihesabu. Naweza kukuandikia?"

Anande alitazama mikono yake, ile mikono mirefu iliyobeba sanduku la mbao kupita kila shamba la mlima ule. Aliijua kuliko ya kwake.

"Andika," alisema. "Lakini andika Kiswahili chepesi. Macho ya baba siku hizi hayasomi vizuri, na mama hakusoma. Nitakaa nao uani niwasomee."

"Barua zangu?"

"Kila neno, Shomari. Lililo tamu na lililo chungu. Mimi mambo ya kumwambia mtu mmoja peke yake nimeyamaliza."

Shomari alitazama juu ya bega lake, ng'ambo ya barabara, alikosimama Mzee Ephraimu katika suti yake nyeusi ya kanisani, mikono nyuma, akijifanya anakagua mawingu. Alimtazama kama mwanafunzi anayetazama mtihani.

"Basi itanibidi kila moja niianze na shikamoo," alisema.

Anande alicheka. Kilimtoka kabla hajakizuia, kicheko kizima, hata Profesa garini akainua kichwa. Akampa mkono. Shomari aliushika kwa mikono yake yote miwili, na ndiye Anande aliyeutoa, taratibu, alipoona sasa anaweza kuutoa. Kisha akavuka barabara mbio, maana mama yake alikuwa ameshaanza kuteremka mtoni peke yake.